Daftari Lilikuwa Mkononi mwa Nani?

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumshutumu mwenye kutumia vibaya. Yuko mbadhirifu, mfujaji, mtapanyaji, mtu wa israfu. Na upande wa pili yuko bahili, mchoyo, mnyimivu, mwenye mkono wa birika. Baina ya makundi hayo mawili amesimama mtu mmoja tu, mwekevu, naye jina lake limetokana na kitenzi cha kila siku, kuweka. Anayefasiri kutoka lugha za Ulaya hukwama hapa mara kwa mara. Huko, mwekevu huelekea kuwa mtu asiyetumia. Kwetu, kinachowekwa huwekwa ili kitumike. Mchele huwekwa ili uliwe, nguo huwekwa sandukuni ili ivaliwe siku ya Idi. Qurani nayo imeyakemea yote mawili, israfu na ubahili, na kuwasifu wanaosimama kati. Lakini hapo kati ni wapi hasa, na nani mwenye kupima? Swali hilo halijibiwi kwa wema wa tabia peke yake. Lina historia.

Liko neno jingine linalofaa kutangulizwa, nalo ni uchumi. Leo neno hili limepanda cheo, limekuwa la mawaziri na mabenki. Asili yake ni kuchuma, kitendo cha mkono unaotwaa kitu mtini. Chumo la mtu ni pato lake. Kwa watu wa Unguja na Pemba hiyo haikuwa taswira ya kishairi. Kwa zaidi ya karne moja pato la nyumba nyingi za visiwa hivi lilichumwa kwa mkono juu ya mkarafuu, likachambuliwa jioni ili kutenga karafuu na makonyo, likaanikwa juu ya majamvi, likapimwa kwa frasila ya ratili 35. Makala haya yanazihusu nyumba hizo, pamoja na shutuma iliyoziandama tangu enzi ya Waingereza: kwamba wazee wetu walikuwa na mali wakaila, na kwamba mashamba yao yaliondoka kwa harusi, hitima na ngoma. Shutuma hiyo wameitamka wageni, na wajukuu wameitamka zaidi. Naiona kuwa nusu ya kweli, na nusu iliyosalia ndiyo inayostahili kuchimbuliwa.

Tuanze na mti wenyewe. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kilimo chake kikaenezwa kwa nguvu katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala kuu. Mti huu una tabia mbili ambazo anayeandika habari za nyumba hana budi kuzijua. Kwanza, humsubirisha mpandaji miaka kadhaa kabla ya kumpa chochote. Pili, na hii ndiyo kubwa, hauzai sawasawa. Mwaka mmoja matawi hulemewa, watu wakatafutwa kila upande waje kuchuma. Mwaka unaofuata, au miwili inayofuata, mti ukanyamaza.

Tumbo la mwanadamu halina msimu. Mchele, sukari, chumvi, mafuta ya taa na bafta vilihitajika mwaka mzima. Fedha iliingia kwa msimu, na mwaka mwingine haikuingia. Pengo hilo baina ya siku ya kula na siku ya kuchuma ndilo lililojazwa na mkopo. Mwenye duka alitoa vitu kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo, akaandika katika daftari lake. Karafuu zilipokauka, akalipwa. Jambo ambalo wasimuliaji wengi hulisahau ni kwamba mwaka wa neema nao ulianza kwa deni. Karafuu isipochumwa kabla ya kufunguka huharibika thamani, kwa hiyo mavuno makubwa yalitaka wachumaji wengi kwa haraka, na wachumaji hulipwa kwa pishi, fedha taslimu, kabla mwenye shamba hajauza hata frasila moja. Alikwenda wapi kuitafuta fedha hiyo? Kwa yule yule mwenye daftari.

Katika enzi ya utumwa safu hii ya hesabu ilikuwa imefichwa. Waliochuma hawakulipwa, na ukarimu mwingi unaosifiwa wa nyumba kubwa za karne ya 19 ulitoka katika migongo yao. Ni vizuri tuliseme hili waziwazi kabla hatujaanza kuhuzunikia sinia za zamani. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipoondolewa mwaka 1897, kazi ya shamba ikawa na bei, na bei hiyo ikaingia katika madeni ya nyumba ambazo zilikuwa hazijazoea kuihesabu.

Riba, kwa Mwislamu, ni haramu. Lakini haja ya fedha haikungoja fatwa, na mlango uliopatikana uliitwa bei khiyari. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa fedha taslimu, akajiwekea khiyari ya kulinunua tena kwa bei ile ile katika muda waliokubaliana. Papo hapo alilikodi shamba lake mwenyewe na kulipa ijara. Kwa maandishi hapakuwa na riba. Palikuwa na mauzo na pango. Tutoe mfano wa kubuni ili jambo liwe wazi. Mtu ameuza shamba kwa bei khiyari ya rupia 1,000, na ijara ni rupia 150 kwa mwaka. Ikija miaka mitatu ya karafuu haba, atakuwa amelipa au anadaiwa rupia 450, na zile 1,000 za awali zingalipo kama zilivyokuwa, hazikupungua hata pesa moja. Muda ukipita bila ya yeye kulikomboa, mnunuzi ndiye mwenye shamba.

Karamu ya harusi, hata iwe kubwa vipi, huisha. Wapishi huondoka, masufuria hurudishwa kwa wenyewe. Ijara hurudi kila mwaka kama Ramadhani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba wali na nyama ndivyo vilivyokula mashamba. Wali ulikula kidogo. Iliyokula zaidi ni miaka.

Mambo yakafikia kilele katika miaka ya 1930, pale mdororo wa biashara duniani ulipoiangusha bei ya karafuu. Mwaka 1932 ilitoka ripoti ya C. F. Strickland juu ya ushirika na hali ya kilimo cha Unguja na Pemba. Mwaka 1933 ikafuata ya Bartlett na Last juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria kadhaa kwa pamoja: ikasimamisha kwa muda udaiwaji wa mashamba, ikazuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wa makabila mengine bila ya idhini, na ikakipa nguvu mpya Chama cha Wakulima wa Karafuu. Kwa hiyo deni la nyumba, jambo la mtu na mwenye duka wake, likageuzwa kuwa jambo la kabila na kabila. Mkopeshaji akawa Mhindi na mdaiwa akawa Mwarabu au Mwafrika, kwa kalamu ya sheria. Wenye maduka wa Pemba, ambao wengi wao walikuwa wadogo na wenyewe wakidaiwa na matajiri wa mjini, walijikuta na madaftari yaliyojaa na mikono mitupu. Wafanyabiashara wa Kihindi walipinga, na biashara ya karafuu ikasusiwa Bombay mwaka 1937 mpaka yakapatikana mapatano mwaka 1938.

Katika mjadala wote huo maofisa hawakuchoka kuandika juu ya uvivu na ufujaji wa wenye mashamba. Lilikuwa jibu rahisi. Ikiwa mdaiwa ni mfujaji kwa tabia, basi hapana haja ya kuuliza kwa nini koloni zima lilitegemezwa juu ya zao moja lisilozaa sawasawa, wala kwa nini mkulima hakuwa na mahali pengine pa kukopa.

Nilisema shutuma ni nusu ya kweli, na sitaki kuikimbia nusu hiyo. Tutazame gharama zenyewe. Kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, kimehifadhi kwa undani ada za pwani ya Bagamoyo. Na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatuandikia Ada za Harusi katika Unguja katika miaka ya 1950. Wapenzi wa lugha huvisoma vitabu hivi kwa ajili ya msamiati, nami pia nilianza hivyo. Ukitazama desturi hizi kwa jicho la mwenye hesabu utaona jambo jingine. Mahari ni sehemu tu ya safari. Kuna kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko, kifungua mlango, kipa mkono. Kuna wa kupewa kanga, kuna wa kutunzwa. Kila kitu kina jina, na kila jina lina mtu wake. Fedha haikutupwa hewani. Ilitoka nyumba hii ikaingia ile, na nyumba ile ilipokuwa na jambo lake, ikarudi. Matangani ni vivyo hivyo: mfiwa hulisha watu, na watu humletea ubani. Anayeandika safu ya matumizi peke yake, akaacha ya mapokezi, atapata hasara ambayo haikuwapo.

Lakini mzunguko huo ulikuwa na sharti moja, nalo ni kwamba kila mmoja atoe kwa kadiri ya chombo chake. Sharti hilo huvunjika pakiingia mashindano. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, palikuwa na vyama vya ngoma, wanaume kwa beni na wanawake kwa lelemama, vilivyoshindana kwa sare, kwa ng'ombe wa kuchinja na kwa wingi wa sinia. Hapo mtu hakuuliza tena ninacho nini. Aliuliza mwenzangu ametoa nini. Na kwa kuwa fedha ya mwaka huo ilikuwa bado juu ya mti, alikwenda dukani akaitumia kabla haijachumwa.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Karamu iliyolipwa kwa karafuu iliyokwisha kuuzwa ni karamu. Karamu ile ile, wageni wale wale, ikilipwa kwa karafuu ambazo hazijatoa hata tumba, ni rahani.

Ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, Mombasa, aliinuka mtu aliyelisema jambo hili kwa sauti kuu na kwa Kiswahili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na baadhi ya makala yake yakakusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944. Alizikemea harusi na matanga yenye gharama zisizo na kipimo, akawataka watu wa pwani wafungue macho na kuielekea elimu. Tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na bila shaka yaliyopita mbele ya baraza lake yalimwonesha zaidi ya yale aliyoyaandika. Namheshimu kwa sababu alizungumza na watu wake kutoka ndani, bila ya dharau iliyojaa katika ripoti za serikali. Lakini Sheikh alikuwa kadhi, hakuwa mcheza lelemama, na sidhani kama aliyaona yote yaliyokuwa yakihesabiwa upande wa pili wa pazia.

Kabla hatujavuka upande huo wa wanawake, tumtazame mmoja aliyeishi katika nyumba ambayo haikuwa na hesabu kabisa. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 anaieleza nyumba ya baba yake yenye watu wapatao elfu moja, majiko yasiyozimika, na zawadi za Idi zilizogawiwa kutoka katika ghala la Sultani. Hakuna anayenunua katika kurasa hizo. Vitu hutoka, basi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, mwaka 1867 akaolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi. Binti wa Sultani akajifunza bei ya kuni. Alihama mji hadi mji, akafundisha Kiarabu ili watoto wale, na urithi alioudai kwa ndugu zake alipokuja Unguja mwaka 1885 na 1888 hakuupata. Wengi humsoma Salme kwa ajili ya mapenzi na utoro. Mimi hunigusa zaidi kwamba maisha yake yote mawili yalikuwa na kasoro moja: Mtoni hapakuwa na daftari, na Hamburg daftari la mirathi yake lilishikwa na wasimamizi, si na yeye.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hufundishwa skulini kama wito wa kuandika mapato na matumizi. Kwa watu wa karafuu ilikuwa na maana kali zaidi, kwa sababu daftari lilikuwapo. Liliandikwa kila siku, kwa uangalifu mkubwa, ila liliandikwa dukani, kwa maandishi ya Kigujarati ambayo mdaiwa hakuweza kuyasoma. Aliambiwa jumla yake.

Sasa tugeukie upande wa ndani wa nyumba. Salme alipokuwa msichana wa miaka 14 hivi, yaani karibu na mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amelala mgonjwa akimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Utendi huo umelaumiwa sana siku hizi kwa kumtiisha mke chini ya mume, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini msomeni tena kwa swali letu. Mama anayejua kwamba anakufa, anayetaka bintiye aishike nyumba isianguke, anamwusia nini? Pamoja na ibada, adabu na usafi, anamwusia asumini, marashi, hina, wanja, pete na kidani. Vyote hivyo vina bei. Hakuviweka katika fungu la israfu; aliviweka katika fungu la wajibu. Kwa Mwana Kupona nyumba isiyotumia kitu kwa ajili ya uzuri imekwisha kupungukiwa, hata kama ghala lake limejaa.

Miaka 40 baadaye, hoja hiyo hiyo ikatoka kwa wanawake ambao Mwana Kupona asingaliwapa nafasi katika baraza lake. Wanawake waliotoka utumwani Unguja, ambao mavazi yao yalikuwa merikani na kaniki, walianza kununua kanga. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Unguja baada ya utumwa, ameonesha jinsi nguo ilivyokuwa tangazo la hadhi mpya. Mtu aliyeketi na kalamu angeandika: kibarua wa shamba, kipato kidogo, amenunua jozi ya kanga ilhali ya mwezi uliopita haijachakaa, anasa. Yeye mwenyewe alikuwa akinunua kitu ambacho hakuna aliyekuwa tayari kumpa bure, nacho ni kutazamwa na kuitwa mtu. Sijui ni bei gani ingekuwa kubwa mno kwa hicho.

Na dhahabu je? Mwaka wa karafuu nyingi mwanamke alidai bangili, na mume akanung'unika. Mwaka wa karafuu haba bangili ile ilitoka mkononi ikaenda kuwekwa rahani, watoto wakala, na msimu uliporudi ikakombolewa au ikanunuliwa nyingine. Ilikuwa pambo, na ilikuwa akiba iliyoonekana na kila mtu, kwa hiyo haikuwa rahisi kwa mume kuitumia kimyakimya. Shamba liliweza kuuzwa kwa bei khiyari ofisini bila ya watu wa ndani kujua. Bangili haikuondoka mkononi mwa mke bila ya yeye kujua.

Lakini jambo ninalolistaajabia zaidi ni upatu. Wanawake kumi, tuseme, wanatoa kiasi kimoja kila wiki, na kila wiki mmoja wao anapokea chungu chote, kwa zamu, chini ya kijumbe wanayemwamini. Hapana riba, hapana rahani, hapana karatasi. Anayepokea mwanzo ni kama amekopeshwa. Anayepokea mwisho ni kama ameweka akiba. Na mkoba ni ule ule. Daftari la upatu limo vichwani mwa wote kumi, kwa hiyo hakuna anayeweza kulisoma peke yake. Wala fedha yake haikwenda kwenye mambo makavu tu. Ilinunua masufuria, ilinunua sare ya harusi, ilimtoa mwali, ilisafirisha mama kwenda kuzuru. Mengi ya yale yaliyokemewa magazetini yalilipwa kwa upatu, na yalipolipwa hivyo hayakula shamba la mtu. Mcheza upatu hujua kiasi kabla hajakitumia, hujua wiki atakayomaliza, na wenzake tisa wanajua pamoja naye.

Mapinduzi ya mwaka 1964 na ugawaji wa ardhi eka tatu tatu uliofuata yaliubadilisha umiliki wa mashamba, na bei khiyari ikabaki katika makabrasha. Upatu haukubadilika, unachezwa mpaka leo maofisini na masokoni, wengine wakiuita mchezo. Sambamba nao, katika miaka hii ya 2020, limezuka jina linalotisha katika miji ya Tanzania: mikopo ya kausha damu. Wakopaji wake wengi ni wanawake wenye biashara ndogo. Marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na dhamana ni vyombo vya ndani, televisheni, kochi, godoro. Ukiwasikiliza wanaofilisika kwa mikopo hiyo, mara nyingi husikii habari za karamu. Unasikia ada ya skuli, unasikia matibabu, unasikia mtaji ulioliwa na mkopo wa kwanza uliotafutiwa wa pili. Na bado wanakijiji na wanamtaa husema kwamba hawa wamezidi tamaa. Shutuma ni ile ile waliyopewa wenye mikarafuu, na hesabu, kama ile ya zamani, inaandikwa na mkono wa anayedai.

Limebaki jambo la ushahidi. Katika Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja, zimo hati nyingi za mauzo, rahani na bei khiyari, kwa Kiarabu na kwa lugha nyingine. Humo tunasoma shamba, mipaka, kiasi, muda, mashahidi. Hatusomi fedha ilikwenda kufanya nini. Karibu yote tunayoyajua juu ya matumizi ya nyumba zile yamepitia kwa mkopeshaji au kwa ofisa aliyekuwa akimhoji mkopeshaji; nyumba zenyewe hazikuandika. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wasomaji wa kurasa hizi, hasa wa Wete, Chake Chake, Mkoani na vijiji vya Mkokotoni. Yuko bibi au babu anayekumbuka kusimuliwa harusi ya miaka ile: nani alichanga mchele, nani alileta mbuzi, kilemba kilikuwa kiasi gani, upatu ulikuwa wa watu wangapi na kijumbe wake nani, bangili iliwekwa kwa nani na ikarudi lini. Yaandikwe kama anavyoyasema, kwa lafudhi yake, pamoja na tarakimu anazozikumbuka, na yaletwe hapa tuyachapishe.